Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Walimu Wakuu Wenzangu wa Shule za Msingi, Jiji la Tanga

Ndugu wanachama, walimu wakuu wenzangu. Maafisa elimu kata mlioitikia mwaliko. Na nyinyi wastaafu mliokuja huku mkijua kwamba hakuna posho: Assalaamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Hii ndiyo taarifa yangu ya mwisho. Mwaka huu natimiza miaka 60, na sheria ya utumishi wa umma haina mjadala katika hilo. Katiba yetu nayo inataka mwenyekiti awe mwalimu mkuu aliye kazini, kwa hiyo naachia viti vyote viwili kwa mpigo. Katibu ameniomba nisizidi nusu saa. Ananijua.

Nianze na ya umoja wetu wa walimu wakuu, maana ni mafupi. Hesabu mmegawiwa mlangoni, zimekaguliwa, na mwenye swali atamwuliza mweka hazina, si mimi. Vikao vyote vya robo mwaka vilifanyika, kimoja kwa kuchelewa kwa sababu ya mvua za masika. Rambirambi na pongezi zilitolewa kama katiba inavyoelekeza. Wanaodaiwa ada wanajijua. Sitawasoma majina, ingawa mweka hazina alinisihi sana niwasome.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja: tangu 2016 shule zetu za mjini zimefika wapi, na kitu gani tumekiruka kwa haraka zetu.

Milango ilipofunguliwa

Wengi wenu mwaka 2015 mlikuwa walimu wa darasa, kwa hiyo mlikiona kitu hiki kutokea upande wa ubaoni. Mimi nilikiona kutokea ofisini. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 foleni ya kuandikisha ilitoka nje ya geti. Waliokuwa kazini mwaka 2002, MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipofuta ada ya shule za msingi, walijua kinachokuja. Walikuja wa miaka sita na saba tuliowatarajia, na wakaja wa miaka tisa, kumi na zaidi, waliokuwa wakitembeza karanga na mayai ya kuchemsha kule Ngamiani, au wakisaidia kuanika dagaa Sahare. Hao wakubwa tuliwaanzishia MEMKWA, madarasa ya walioikosa elimu ya msingi, na baadhi yao leo ni wazazi wanaoleta watoto wao kwetu. Huwa nafurahi kuwaona wakisaini kitabu cha wageni wenyewe, bila kumwomba mtu.

Mahali pa kuwakalisha hapakuwepo. Mwaka mzima ule ulikuwa wa madawati. Sidhani kama palikuwa na kiongozi au mfanyabiashara nchini ambaye hakupigwa picha na dawati. Tuliyapokea yote, hata yale yaliyolegea miguu kabla ya likizo ya Juni.

Madarasa yalichelewa. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Sisi wa shule za msingi za mjini tulipiga makofi kwa niaba ya wenzetu, mpaka mradi wa BOOST wa shule za awali na msingi ulipoanza kushuka nao ukaleta vyumba vyetu, vyoo vyetu na madarasa ya awali yenye michoro ukutani. Leo mkondo wa mchana, uliokuwa ukiwaachia watoto wadogo magharibi wakavuka barabara ya Pangani gizani, umepungua sana. Anayesema hakuna kilichofanyika hakuwepo, au anatafuta kura.

Lakini kila darasa lililojengwa lilijengwa na mwalimu mkuu. Fosi akaunti, yaani shule kujijengea kwa mafundi wa mtaani bila mkandarasi, imetufanya sote wakandarasi wasio na kampuni. Tunajua bei ya nondo kwa milimita. Tunajua fundi gani anaiba mchanga na yupi anachanganya zege jepesi ukimpa kisogo. Hapa Tanga tuna nafuu moja, saruji inatengenezwa hapo Pongwe, lakini kuunda kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi kutokana na wazazi ambao mchana wote wako kwenye shughuli zao, hiyo ni kazi ya ziada isiyoandikwa popote.

Mifumo ya kompyuta ikafuata. FFARS ya hesabu. PReM ya namba za wanafunzi. SIS ya taarifa za shule. NeST ya manunuzi. PEPMIS ya kujipima wenyewe. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tukagawiwa walimu, na siku hizi kila kitu kinataka kujazwa leo kabla ya saa kumi. Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia nywila kabla ya jina langu.

Na fedha? Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 huja kwenye akaunti ya shule. Shule ya watoto 1,000 ina shilingi 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, maji, umeme, bawaba za milango, mpira wa michezo na dawa ya choo. Kiwango hicho ni kilekile cha mwaka 2016, bei za dukani sivyo. Mzazi akiambiwa achangie mlinzi anajibu, "Serikali imesema bure." Anajibu kweli, na mlinzi naye anadai kweli. Katikati yao anasimama mwalimu mkuu na posho yake ya madaraka ya 200,000. Wangapi humu hawajawahi kumlipa mlinzi kwa posho hiyo? Naona hakuna mkono.

Safari ya kusikiliza watoto wakisoma

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwenye kikao cha mwezi Februari tulikubaliana kubadilishana shule. Wa Chumbageni aende Mabokweni, wa Pongwe aje Ngamiani, wa Duga aende Tongoni, na kadhalika. Kazi ikawa moja: kukaa na watoto wa Darasa la Tatu, mmoja mmoja, na kuwasikiliza wakisoma. Mtoto huyo ameshakaa shuleni miaka miwili na mwaka wa awali juu yake. Hatukutoa maksi. Hatukubandika majina ukutani. Hatukupeleka taarifa halmashauri ya jiji.

Hata hivyo palitokea ubishi. Mwanachama mmoja aliuliza kama tumegeuka wathibiti ubora. Mwingine akasema, kwa utani uliokuwa nusu utani, kwamba mgeni akija kwako usimfungulie chungu. Nashukuru kwamba wote wawili walikwenda, na ndio walioandika maelezo marefu kuliko wengine.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Mtoto anasoma ukurasa wa kitabu anachokitumia darasani. Kisha anapewa sentensi chache ambazo mgeni ameziandika kwa mkono asubuhi ile, za mambo anayoyajua: bibi kupika wali wa nazi, kaka kupanda baiskeli kwenda Kange. Tofauti ya kurasa hizo mbili ndiyo iliyotufumbua macho.

Kwenye kitabu wengi walisoma vizuri. Walisoma hata pale mgeni alipoziba maandishi kwa kiganja akaacha picha wazi. Picha ikizibwa, kimya. Walikuwa wameuhifadhi ukurasa. Wengi wa watoto wetu jioni huenda chuoni, yaani madrasa, na huko wanajifunza kuhifadhi tangu wakiwa wadogo kabisa. Ni uwezo mkubwa ambao mimi mwenyewe nauonea wivu. Ila kwa mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake, wakisoma kwa sauti moja, hakuna njia ya kutofautisha anayesoma na anayekumbuka. Waraka unasema watoto 45 kwa darasa. Tunajua sote waraka unasema nini.

Wengine walisoma "baba" na "kaka" na "meza" kwa mbwembwe zote, wakifika "mbwa" wanasimama. Wakifika "nywele" wanakutazama usoni. "Ng'ombe" alisomwa kwa namna ambazo ng'ombe mwenyewe asingeitika. Hilo lina maana kwa mwalimu: mtoto amefundishwa silabi za konsonanti moja, akaachwa hapo kwa sababu muhula uliisha, na Darasa la Pili mwalimu akaanzia pale ambapo kitabu kinaanzia. Hakuna aliyerudi kuchukua kilichoachwa. Kwa mtoto huyo dawa haihitaji mradi. Inahitaji wiki chache na mtu anayejua kwamba amekwama pale.

Walikuwepo pia wasioona vizuri. Mmoja wa wenzetu alimwandikia mtoto kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, akasoma neno kwa neno. Alikuwa amekaa dawati la nyuma mwaka na nusu, anaitwa mzito. Amepelekwa hospitali ya Bombo, ana miwani sasa, na nasikia hafai kwa maswali.

Kundi lililonisumbua zaidi ni la wale ambao hatukuwasikia. Tuliita majina kwa rejista, alama za vema zimewekwa vizuri wiki nzima, mtoto hayupo. Wengine walikuwa wamehamia Muheza kwa bibi, au Korogwe, au mama amepanga chumba upande mwingine wa mji akamwandikisha shule ya jirani kwa kauli tu bila uhamisho. Namba ya PReM iko kwetu, mtoto yuko kwenu, ruzuku yake inazunguka angani. Jijini watu hupanga na kuhama. Si kama kule milimani Lushoto nilikoanzia kazi, ambako mtoto asipoonekana siku mbili unamwuliza shangazi yake sokoni. Huku unaweza kuwa na mtoto miaka minne usijue anaishi mtaa gani.

Basi ninalosema ni hili, na ndilo hasa nililosimamia hapa leo. Katika miaka hii tumejifunza kuwahesabu watoto vizuri sana. Tunawahesabu kwa jinsi, kwa umri, kwa ulemavu, kwa mkondo, kwa kishikwambi, kila mwezi. Kuwajua hatujaweza. Madarasa yamejengwa ili mwalimu apate watoto wachache awajue, na sisi tulioyajenga tumekaa ofisini tukijaza fomu za kuthibitisha kwamba yamejengwa.

Mwalimu gani anapewa Darasa la Kwanza

Hapa nitawaudhi baadhi yenu, na nafuu ya kustaafu ni hiyo.

Katika shule nyingi za mji huu mwalimu hodari hupewa Darasa la Saba. Wa pili kwa uhodari hupewa la Nne, kwa sababu kuna upimaji wa kitaifa. Darasa la Kwanza anapewa anayesubiri kustaafu, au aliyetoka likizo ya uzazi, au aliyegombana na mkuu. Tumeifanya hivyo kwa sababu matokeo ya la Saba ndiyo yanayotupa jina. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora mwanzoni mwa 2023, na nilidhani tutapumua. Tukahamishia orodha kwenye makundi yetu ya WhatsApp, tunapangana wenyewe, na anayekuwa wa mwisho katani bado anaitwa kujieleza.

Mwaka juzi nilimtoa mwalimu wangu wa Hisabati wa Darasa la Saba nikampeleka la Kwanza. Kamati ya shule ilikuja juu. Wazazi wa la Saba walileta ujumbe. Mwalimu mwenyewe alininunia mpaka Pasaka. Matokeo ya la Saba hayakuanguka kama nilivyotishwa, na watoto wale wa la Kwanza ndio waliomsomea mgeni wetu mwaka huu wakiwa la Tatu. Aliyekuja kwangu kutoka Marungu anaweza kuwaeleza wakati wa chai alichokisikia. Mwalimu yule sasa hataki kurudi la Saba.

Najua hoja ya upande wa pili. Shule za pembezoni, Kirare, Tongoni, Chongoleani, zina upungufu wa walimu kiasi kwamba mkuu hana wa kumchagua, anampanga aliyepo. Shule za katikati ya mji zina walimu wa kutosha kwa sababu waume na wake zao wanafanya kazi mjini, na barua za uhamisho hupanda upande mmoja tu. Umoja wetu umeandika kuhusu jambo hili, na mwenyekiti ajaye ataendelea kuandika. Lakini sisi wa Chumbageni, Ngamiani, Usagara na Mzingani hatuna kisingizio hicho.

Kuna jambo lingine linalonyong'onyeza shule zetu polepole. Mzazi mwenye uwezo, akiwemo mwalimu, akiwemo afisa anayepanga bajeti, mwanawe anapanda basi la njano alfajiri kwenda inglish midiamu. Simlaumu, ni mwanawe. Ila anapoondoka anaondoka na sauti yake. Kwenye kikao cha wazazi wanabaki mama wauza samaki na baba wa bodaboda, ambao wana mengi ya kusema lakini hawana namba ya simu ya mtu yeyote jijini. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeingiza Kiingereza tangu Darasa la Kwanza. Pengine hilo litawarudisha baadhi. Itategemea kama walimu wetu, wengi wao wa Daraja la IIIA, yaani wa cheti, walioandaliwa kufundisha kwa Kiswahili, watapewa mafunzo ya kweli au semina ya siku mbili yenye soda.

Mahudhurio na mwezi

Wakuu wa shule za pwani, hili ni lenu. Kwa miaka mingi nimesikia utoro wa Sahare, Mnyanjani na Chongoleani ukielezwa kwa neno "mwamko mdogo wa wazazi". Chukueni rejista zenu mkaziweke pembeni ya kalenda ya mwezi. Usiku wa giza dagaa huvuliwa kwa taa, na asubuhi yake kuna ndoo za kubeba na chanja za kuanikia. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakikauka mbali, mama na watoto wanaingia mwambani kutafuta pweza na chaza. Maji mafu, yale madogo, yakirudi, watoto wanarudi darasani. Mzazi huyo ana mwamko kabisa, anafuata bahari kama babu yake alivyoifuata, na anakulisha wewe kitoweo.

Tulichojaribu katika shule tatu ni kutopanga majaribio wala somo jipya gumu siku za bamvua, na kuweka kipindi cha marudio wiki inayofuata. Mahudhurio siku zile hayakupanda, lakini watoto waliacha kupitwa na mada nzima. Mmoja wa wenzetu alikwenda mbali zaidi: alikwenda kukaa na wazee wa pwani wakakubaliana kwamba mtoto wa chini ya Darasa la Tano asionekane kwenye chanja kabla ya saa nane mchana. Haandiki barua. Anakwenda mwenyewe kununua samaki, anatazama.

Kuhusu wasichana wanaokatiza masomo, Waraka Na. 2 wa 2021 uko wazi kwamba wanarudi. Bado kuna wakuu wanaowaambia "nenda kajipange". Waraka hausemi hivyo. Mpokeeni.

Uji: shule zenye uji zina watoto saa nne na nusu, zisizo na uji watoto wako kwenye uzio wananunua kachori, ubuyu na mihogo ya pilipili, na asiye na mia mbili anatazama. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni upo, wazazi wanaruhusiwa kukubaliana wenyewe kwenye kikao chao. Siri ya wale waliofanikiwa ni kwamba fedha ya uji inashikwa na wazazi, mwalimu haigusi.

Mipaka: shule ambayo haina hati ya kiwanja iombe sasa. Mji unapanuka, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta kutoka Hoima linakuja kuishia Chongoleani, na uwanja wa mpira wa shule ndio nafasi tupu ya mwisho ambayo kila mtu anaiona. Njia ya miguu inayokatiza uwanja leo ni uchochoro wenye vibanda miaka mitano ijayo. Pandeni michongoma, pimeni, wekeni mawe.

Mwaka 2027

Hili nawaachia, maana mimi nitakuwa nyumbani.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kwenye mtaala huo. Mwaka huu wako la Nne, mwakani la Tano, na 2027 watakuwa la Sita, mwisho wao. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja wako kwenye utaratibu wa zamani, na mwaka huohuo wa 2027 watakuwa la Saba. Madarasa mawili yatamaliza pamoja. Shule inayotoa watoto 100 kila mwaka itatoa 200, na Januari 2028 wote wanatakiwa Kidato cha Kwanza.

Nimewauliza wenyeviti kadhaa wa kamati za shule kama wanajua. Wengi wameniangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa kwa uzee.

Wizara inalijua, jiji linalijua, na sekondari zitajengwa. Tuliyaona ya 2021. Nchi hii ikiamua kujenga inajenga. Wasiwasi wangu ni wa aina nyingine. Mtoto wa la Sita atakuwa na miaka 12, wengine 11. Anakwenda kukaa dawati moja na wa la Saba aliyemzidi mwaka mzima wa masomo na mtaala tofauti. Anakwenda shule ya mbali zaidi. Kama leo yuko la Nne na "mbwa" inamshinda, tumebakiwa na miaka miwili na kitu ya kumsaidia kabla hajakutana na Fizikia kwa Kiingereza. Wale wa la Saba walikuwa na mwaka wa akiba. Hawa hawana.

Mapendekezo yangu matatu yako kwenye meza ya katibu kwa maandishi, nitayataja tu. Zoezi la kusikiliza watoto lirudiwe Februari, safari hii kwa Darasa la Tano, maana ndio haohao watakaomaliza 2027. Mwaka 2028 vyumba vya Darasa la Saba vitabaki wazi katika kila shule ya msingi. Tuliandikie jiji mapema ni shule zipi ziko jirani na sekondari ili vyumba hivyo visije vikawa stoo ya madawati mabovu. Na wazazi waanze kuambiwa habari ya baiskeli. Mji wetu ni tambarare, Tanga tunajulikana kwa baiskeli tangu zamani, mtoto wa Magaoni au Mwanzange akiwa na baiskeli hana sababu ya kugombana na makondakta. Kamati ya shule inayoweza kukusanya fedha ya uji inaweza kukusanya ya baiskeli kwa mchezo wa kupokezana, kama kina mama wanavyonunua vyombo.

Kwa wanaonifuata mlangoni

Tuko wachache tunaostaafu kipindi hiki, na mwakani ni wengi zaidi, kwa hiyo dakika mbili. Kusanyeni barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho sasa hivi, wakati karani anayejua faili lako lilipo bado hajahamishwa. Tazameni jina kwenye kila karatasi. "Mwanaidi" kwenye cheti na "Mwanahidi" kwenye hundi ni miezi ya kwenda na kurudi. Kikokotoo cha mafao ya mkupuo kilipanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kuanzia mwaka wa fedha 2024/25. Anayewaahidi zaidi ya hapo kwa simu ni tapeli. Wananipigia mimi pia. Wanajua tarehe yangu ya kuzaliwa kuliko wanangu, wananiita "mama yangu mpendwa", na wanataka nitume kidogo ili faili lisukumwe. Kateni simu. Na msianze biashara ya mabasi.

Nawashukuru maafisa elimu kata ambao mwaka huu walituachia zoezi letu bila kulifanya lao. Nawashukuru wajumbe wa kamati tendaji. Katibu amefanya kazi yangu na yake, na nusu saa yake nimeipita.

Makabidhiano ya umoja yatafanyika Ijumaa ijayo baada ya swala: muhuri, daftari la mihutasari, kitabu cha hundi na faili la barua zetu kwa jiji, pamoja na zile ambazo hazijajibiwa, nimeziwekea alama nyekundu. Watia saini wa benki wanabadilishwa wote wawili, si mmoja, kwa hiyo mwenyekiti mpya na mweka hazina waje na vitambulisho vya NIDA. Fomu za wagombea zimefungwa jana jioni, karatasi za kura anazo katibu, na kura zinaanza kupigwa baada ya chai. Chai ipo, na mwaka huu kuna kababu.